Springi za Waridi

Jumatatu, 1 Agosti 1983. Moroni.

Hassanati wangu,

Daftari jipya. Naandika Kiswahili, kile nilichorudi nacho kutoka shule ya Unguja, wewe ukakichukua kwangu neno kwa neno mpaka ukanishinda. Dada yako Djaouharia akichungulia hataambulia kitu zaidi ya neno gari.

Na habari yenyewe ni gari.

Asubuhi Djaouharia alisimama mbele ya Peugeot 404 letu, akalitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kafia uani kwake. Akasema harusi kubwa ya binti yake Oumi imefika. Uani pataletwa masufuria, viti, wapiga taarabu. Gari halina nafasi. Limekaa tumbo chini, linavuja mafuta, kuku wanataga ndani yake. (Si kweli. Kuku mmoja, tena mara moja.) Mroivili, jirani yetu wa teksi, yuko tayari kulichukua akalifungue vipuri.

Vipuri!

Nikataka kujibu. Lakini nijibu kama nani? Nyumba ilikuwa ya mama yenu, sasa ni ya Djaouharia. Mume hukaa kwa mkewe, na mke ameondoka. Tena mimi sikuwahi kufanya harusi kubwa, ile ya kulisha mji mzima, kwa hiyo katika mji huu bado ni kijana, kijana mwenye mvi na miwani. Vijana hubeba viti. Hawajibu.

Lakini kwenye kisanduku cha mbele bado kuna ushungi wako wa manjano, mkebe wa sindano na nyuzi, na peremende uliyoiacha kwa ajili ya njaa ya njiani. Kiti chako bado kina shimo lako. Mroivili alikalie!

Basi neno likanitoka. Nikasema gari hili ndilo litakalomleta bwana harusi.

Djaouharia alicheka mpaka kanga ikamfunguka. Akaniuliza, shemeji, gari hili hili linalogusa mawe hata likiwa tupu? Na lile jiwe la mlangoni petu je? (Unalikumbuka. Nundu la mawe ya volkano ambalo hakuna nyundo iliyolishinda.) Nikasema likiligusa, Mroivili alichukue siku hiyo hiyo. Likipita bila kugusa, libaki uani milele. Akakubali mbele ya mashahidi, wanawake waliokuwa wanapeta mchele.

Mashahidi wabaya sana. Adhuhuri mtaa wetu wote wa Magoudjou ulikuwa unajua.

Mpango: springi. Mpya, ndefu, ngumu.

Siku ile bandarini, ulipokuwa unapanda boti kwenda kumtembelea kaka yako Zoubeir kule Mutsamudu, kisiwa cha pili, uliniambia nitengeneze springi kabla hujarudi, mgongo wako umechoka. Nikasema nitatengeneza. Hukurudi. Kwa hesabu yangu, basi, bado sijachelewa.

Kesho napanda boti.


Jumatano, 3 Agosti. Mutsamudu.

Bahari mbaya. Nimetapika pamoja na maofisa na kuku, bila ubaguzi.

Zoubeir kanipokea. Bado anakaa mtaa wa Hombo, nyumbani kwa mkewe, chini kidogo ya hospitali. Kanenepa. Naye vitu vyake vyote viko nje ya nyumba, chini ya bati. Tumetazamana tukaelewana.

Springi anazo! Mbili, za nyuma, kwenye gunia. Anasema zimetoka kwenye pikapu ya 404. Nene kama mkono wangu wa kushoto (wa kulia ni mwembamba zaidi, uliwahi kunicheka). Tatizo moja tu, rangi. Kijani. Kijani cha askari.

Nikamuuliza pikapu ilikuwa ya nani. Akasema ya mfanyabiashara wa mlangilangi. Nikamuuliza mfanyabiashara gani wa maua anapaka springi rangi ya askari. Akaninyooshea kidole.

"Shemeji, unataka springi au unataka historia?"

Nikasema nataka springi.


Alhamisi, 4 Agosti. Mutsamudu, kisha botini.

Nilikuja kwako baada ya alfajiri, unajua. Gunia nililiacha nje ya ukuta wa makaburi, kwa heshima. Nikasoma Yasini. Nikang'oa majani. Siafu wamejenga upande wa miguu, nikawahamisha kwa kijiti, polepole, maana hukupenda kuua siafu ila wakiwa jikoni. Nikakwambia mpango mzima. Hukupinga.

Bandarini, hofu! Askari wa nguo nyeusi, wale wa ulinzi wa rais wanaoamrishwa na Wazungu wa kukodiwa, walikuwa wanapekua mizigo. Zoubeir alikuwa amezizungushia springi mikeka ya harusi. Askari akaigusa mikeka kwa kiatu. Ngo! Akaniuliza ni mikeka gani inalia. Nikasema ni ya bibi harusi. Akapiga tena. Ngo! Akainama kufungua kamba. Nikaanza kukohoa, sijui kwa nini, mwili uliamua wenyewe.

Nyuma yangu palikuwa na bibi mmoja na mbuzi wake. Alikuwa anapiga kelele kwamba jua linamuua mnyama. Mbuzi akamaliza ubishi kwa kukojolea kiatu cha askari. Likawa zogo, na katika zogo lile sote tukasukumwa botini, mimi, mikeka, bibi na mbuzi.

Nimempa yule mbuzi ndizi zangu zote.


Jumamosi, 6 Agosti. Moroni.

Chama chetu cha wapenzi wa 404 kimekutana uani. Sisi ndio tuliobaki. Mroivili tulimfukuza siku aliponunua 504.

Kwanza Sounhadj. Umri wake ni wa mdogo wetu wa mwisho, lakini kaka yake wa Marseille alimfanyia harusi kubwa, kwa hiyo ni mtu mzima kamili. Anavaa joho, anakaa safu ya mbele msikitini, na akisema jambo mbele za watu sisi vijana hatulipingi. Anapenda magari kwa moyo wake wote. Kuyajua ni jambo jingine.

Pili Mmadi. Alifukuzwa Majunga, ng'ambo ya bahari, pamoja na wenzetu waliohamia kule, akarudi mwaka wa sabini na saba na spana mfukoni na nguo alizovaa. Kule alikuwa fundi. Hapa ni kijana kama mimi. Nywele zake ni nyeupe kuliko zangu.

Tatu mimi.

Sounhadj alipewa kiti. Mmadi na mimi tulipewa chini ya gari. Tukapiga jeki, tukaweka magogo, tukatoa magurudumu, tukafungua vizuia mtikisiko, ekseli ikashuka, springi za zamani zikadondoka zenyewe kama meno ya mzee. Moja ilikuwa imevunjika! Na wewe ulikuwa unajilaumu kwamba umenenepa.

Springi mpya hazikuingia. Ndefu mno. Lazima zibanwe kwanza. Mmadi akasema taratibu kwamba Majunga walikuwa wanazibana kwa mnyororo. Sounhadj akasema kutoka kitini kwamba mnyororo hauhitajiki. Zikanyagwe, zifungwe kamba.

Mtu mzima kasema. Tukakanyaga. Mmadi na mimi juu ya springi moja, tumeshikana mabega kama watoto juu ya ukuta, wanawake wa jikoni wakishangilia. Ikabonyea. Sounhadj mwenyewe akaifunga kwa kamba ya kuanikia nguo ya Djaouharia. Tukashuka. Ikatulia kabisa. Ilitulia muda wa kutosha kutudanganya.

Kamba ikakatika, springi ikaruka. Sikuwahi kuona chuma kikienda juu kwa furaha namna ile. Ikavuka mshelisheli, ikavuka ukuta. Tukasikia bati la Mroivili. Tukasikia mabata ya Mroivili. Kisha kimya.

Kisha sauti ya Mroivili, "Alhamdulillahi!"


Jumapili, 7 Agosti.

Mroivili hataki kuirudisha. Anasema kilichoanguka kutoka mbinguni ni riziki.

Nilimkuta barazani kwake, springi mapajani, anaipapasa kama mtoto anayelazwa. Akanikaribisha vizuri mno. Nikaogopa. Akakwaruza rangi kwa ukucha.

"Kijani hiki nakijua, Moindjié. Nakiona kwenye kizuizi cha barabarani kila siku. Wale watu wamekupa wenyewe, au umejipa?"

 Wewe unajua watu wanavyochukuliwa siku hizi, na jinsi ndugu zao wanavyozunguka kuuliza na hakuna anayejibu. Nikasema ni ya mfanyabiashara wa maua. Mroivili akacheka mpaka mabata wakasogea.

Akasema hana haja ya kumwambia mtu. Anataka kuombwa vizuri tu. Kuombwa vizuri maana yake nioshe 504 yake kila asubuhi, barabarani, watu wakipita kwenda sokoni, mpaka siku ya harusi.

Nimekubali, kanirudishia springi. Nimeosha leo. Nimeosha na magurudumu. Alinilazimisha nikae ndani nione viti. Ni laini. Naandika hapa tu, sitarudia.


Jumanne, 9 Agosti.

Tumepata mnyororo. Sounhadj katangaza kwamba alikuwa anaufikiria mnyororo tangu mwanzo.

Kabla ya kuzifunga, Mmadi akasema lazima tufiche kijani. Tukatafuta rangi mji mzima, hakuna meli iliyoleta rangi. Iliyokuwepo ni ile iliyobaki baada ya kupakwa chumba cha bibi harusi. Waridi! Waridi ya kung'aa, Oumi mwenyewe aliichagua. Nimezipaka mara mbili. Hassanati, nimeona vitu vingi, lakini springi za waridi zikianikwa kwenye kamba pamoja na kanga sikuwa nimeziona.

Kisha kufunga. Sounhadj akaelekeza ncha ipi iende juu. Tukafanya. Gari likalia kwi kwi kwi hata kwa kuguswa na upepo. Mmadi akaninong'oneza chini ya gari kwamba zimesimama kichwa chini. Nikamwambia aseme. Akaniambia niseme mimi. Tukalala pale tumetazamana, watu wawili wenye mvi, mafuta yakitudondokea, hakuna anayeweza kumsahihisha mtu mzima mbele ya wapika wali.

Ndipo Mmadi akapata njia. Akatoka, akajifuta mikono, akampongeza Sounhadj kwa sauti kubwa. Akasema hakika ile rai yake ya kuzigeuza ni rai ya mtu aliyeona mbali. Sounhadj akainuka kitini. Akatutazama. Akatazama wanawake. Akasema ndiyo, zigeuzeni, mnangoja nini.

Tukageuza. Hakuna kwi tena. Sounhadj kafurahi sana na rai yake.


Jumatano, 10 Agosti.

Jaribio. Limesimama! Nyuma limeinuka kama bata anayetafuta kitu dimbwini. Taa za mbele zinamulika miguu yake lenyewe. Tumelipitisha juu ya jiwe la mlangoni, tupu, polepole. Tumbo halikugusa. Ila likiwa tupu linaruka. Kwenye kila jiwe tunapanda sote mpaka kwenye dari, miwani yangu ikabaki juu baada ya mimi kushuka. Mmadi anasema likijaa watu litatulia. Sounhadj anasema hayo hayo, kwa sauti ya juu zaidi.

Kuingia sasa ni kazi. Niliinua goti karibu na kifua. Nikakumbuka goti lako la kushoto, lile lililokuwa linauma. Ulikuwa ukisema gari letu ni la chini kama mkeka, mtu anakaa tu. Sijui kwa nini naandika hili. Naliandika tu.

Djaouharia kapita, kalitazama, hakucheka. Nimeshinda nusu!


Ijumaa, 12 Agosti.

Habari mbaya baada ya sala. Mmadi kasikia bandarini kwamba askari wa nguo nyeusi walikuwa na pikapu kule Mutsamudu. Wameikuta imekaa tumbo chini. Haina springi za nyuma. Sasa kwenye kizuizi cha barabara ya bandari wanainama kutazama chini ya magari.

Na bwana harusi anatoka Badjanani, mji wa kale! Vichochoro vya kule havipitishi gari, lazima apandie ufukweni. Hakuna njia nyingine ya kufika kwetu ila kizuizini.

 Nimefikiria kuzitoa springi. Lakini zikitoka, jiwe. Jiwe, kisha Mroivili.

Nimeosha 504 mara mbili leo bila kuambiwa. Mroivili alikuwa anapiga mluzi.


Jumapili, 14 Agosti.

 Nitaandika kwa utaratibu.

Nilimkuta bwana harusi ufukweni, Dhoihir, mwana wa watu, kavaa joho la dhahabu, kilemba, na upanga wa babu yake kiunoni. Nyuma wakaingia yeye na wajomba zake wanene, pamoja na Mmadi. Kilemba kikagusa dari kabla hatujaondoka. Mbele lazima akae mtu mzima, kwa hiyo Sounhadj kwenye kiti chako. Nisamehe. Nilitandika ushungi wako juu ya shimo lisiguswe moja kwa moja.

Gari lilitulia, Hassanati! Wajomba waliliweka sawa. Likaenda kama sinia ya kahawa mikononi mwa mtu mwangalifu. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka sokoni. Nikasahau kuogopa. Kisha kizuizi.

Askari akachungulia dirishani, akaona upanga. Akaruka nyuma na bunduki. Tukatolewa sote. Wajomba mikono juu. Dhoihir mikono juu, joho limeteleza, marashi yanamtiririka. Mzungu wao akatoka kibandani anatafuna muwa. Ana sharubu nyekundu. Hakutazama upanga. Alitazama gari. Akazunguka nyuma yake, akaweka mikono miwili, akalibonyeza. Halikubonyea.

Akauliza kwa Kifaransa tunabeba nini kizito kiasi hicho.

 Nilimwona Mmadi akitazama bahari, nadhani alikuwa anapima umbali. Mzungu akainama. Nikaanza kukohoa. Hakukuwa na mbuzi.

Akakaa ameinama muda mrefu. Kisha nikasikia sauti chini ya gari, nikadhani anaita wenzake. Alikuwa anacheka. Akainuka, uso mwekundu kama sharubu, akauliza kwa nini ni za waridi.

Ndipo Sounhadj akajirekebisha joho. Yule ambaye hajui ncha ya springi! Akasema kwa Kifaransa safi kwamba kwetu nyumba ya bibi harusi hupakwa waridi, na gari linalomleta mume ni sehemu ya nyumba hiyo, asiyejua hilo ni mgeni. Na mgeni anayemsimamisha bwana harusi njiani hawezi kuachwa hivi hivi. Lazima aje ale.

Sijawahi kusikia desturi hiyo. Wajomba nao hawakuwahi. Wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo, lazima.

Mzungu akatupa muwa. Akafungua mlango wa mbele. Akakaa kwenye kiti chako, juu ya ushungi wako, bastola kiunoni. Sounhadj, mtu mzima, akaenda nyuma kukaa mapajani pa mjomba.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Magoudjou. Vigelegele vilikatika ghafla watu walipoona nani kakaa mbele. Mroivili alikuwa amejiegemeza kwenye 504 yake inayong'aa, nikaona mdomo wake umebaki wazi. Taarabu ilinyamaza. Djaouharia akasimama karibu na jiwe, mkono kinywani. Lakini macho yake, wallahi, yalikuwa chini, kwenye tumbo la gari.

Nikaweka gia ya kwanza. Gurudumu la mbele likapanda. Likashuka. La nyuma likapanda. Nilishika pumzi. Nadhani mtaa mzima ulishika pumzi, kila mmoja kwa sababu yake.

Halikugusa!

Djaouharia alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele.

Mzungu kala wali, nyama, na keki. Kaondoka jioni na askari wake. Hakusema neno kuhusu springi.


Jumatatu, 15 Agosti.

Kasema leo. Katuma askari. Mkuu kalipenda gari. Linatulia likiwa na watu wengi, linapita juu ya mawe, linafaa kwa kazi za ulinzi. Kesho atakuja kulichukua.

Nikauliza, kulichukua kulitazama? Askari akasema, kulichukua kulichukua.

Nimekaa ndani ya gari mchana kutwa. Nimetoa ushungi wako, mkebe, na peremende. Nimevitia mfukoni. Kisha nimevirudisha, maana mfukoni havikuonekana kuwa mahali pake.

Djaouharia kaja. Nilidhani atasema afadhali. Akasimama mlangoni mwa gari, hana pa kuweka mikono. Akasema aliahidi mbele ya watu kwamba litabaki milele, na yeye si mwanamke wa kugeuzwa na mtu mwenye sharubu. Akasema wewe dada yake ulikuwa unamletea ndizi mbichi ndani ya gari hili kila ulipotoka shamba. Kisha akaondoka haraka, akamgombeza mpishi bure.

Sikujua kuhusu hizo ndizi.

Kisha nikafikiri. Mzungu anapenda nini? Si gari. Anapenda mwendo wake.


Jumanne, 16 Agosti.

Chama kilikutana baada ya alfajiri. Nilileta kiti cha Sounhadj. Hakukikalia. Alivua joho, akalitundika kwenye mshelisheli, akaingia chini ya gari na kanzu nyeupe. Mmadi akamwambia shika hapa. Akashika. Akamwambia si hapo. Akasema haya. 

Tukatoa za waridi, tukarudisha za zamani, ile nzima na ile iliyovunjika. Tumbo likarudi chini. Tulikuwa bado tunafunga gurudumu tuliposikia injini ya jipu yao inapanda mtaa. Na springi za waridi zimelala uani, mbele ya macho ya ulimwengu!

Djaouharia akaja mbio. Akazichukua, moja kila kwapa, akazisimamisha jikoni pamoja na figa moja la jiwe, akapachika juu yake sufuria kubwa la wali wa wageni, akasukuma moto chini.

Mzungu akaingia. Akaketi kwenye usukani. Akawasha, akaondoka. Kwenye jiwe la mlangoni likapiga kraaa! Sauti ile, Hassanati. Sauti yetu ya kila siku. Hakuna taarabu tamu kama ile. Akaendelea mpaka kona, kraaa, kraaa, eksozi ikadondoka. Akarudi kinyumenyume. Akateremka, akainama, akatazama.

Akaniuliza za waridi ziko wapi.

Jikoni rangi ilikuwa imeanza kuungua. Inanuka. Inabanduka vipande vipande, na chini yake, katikati ya moto, kijani! Djaouharia akajisogeza na kanga yake pana. Akaanza kukoroga wali ambao haukorogwi.

Nikamwambia Mzungu kwamba, mkuu, zile ni za siku ya harusi tu. Desturi. Bwana harusi akishaingia nyumbani, hutolewa.

Akanitazama. Akamtazama Sounhadj, kanzu yote mafuta, ambaye alitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu anayeeleza msiba. Mzungu akavuta hewa puani. Akauliza nini kinaungua. Djaouharia akasema wali, na akampakulia sahani kutoka sufuria lile lile.

Akala wima. Nilihesabu kila tonge. Akarudisha sahani, akasema neno la Kifaransa kuhusu gari letu ambalo sitaliandika kwenye daftari lako, akapanda jipu.

Kizuizi sijui kitauliza nini kesho. Leo kimeshiba.


Alhamisi, 18 Agosti.

Utulivu. Springi zimezama chini ya kisima cha zamani, nyeusi kama vyungu. Djaouharia kaniita kwa heshima, kanikalisha, kaniambia hivi: gari libaki. Likae tumbo chini linavyotaka. Kuku wakitaka watage. Ila neno springi lisisikike tena katika nyumba hii mpaka afe. Nikaapa kwa Mungu.

Leo mchana nimekaa upande wako. Shimo limepanuka kidogo kwa yule mtu, nimeweka mto wako wa bluu. Kuingia ni rahisi tena. Mtu anakaa tu, kama kwenye mkeka.

Nina kila kitu nilichokitaka. Kweli kabisa.

Jioni kafika msafiri kutoka Mutsamudu na salamu za Zoubeir. Anauliza hali. Na anasema zile za mbele za pikapu ile ile nazo zimepatikana. Kijani hicho hicho.

Mmadi nimeshamwambia. Sounhadj kaleta mnyororo mrefu zaidi na kasema rai ni yake. Nimezungumza na Mroivili anifikishe bandarini Jumanne, masharti ni yale ya mwanzo, naanza kuosha kesho. Oumi kasema rangi ya waridi bado ipo nusu ndoo. Djaouharia kaniona nakunja mikeka. Nimemwambia nakuja kukuzuru kaburini, jambo ambalo ni kweli.

Siafu nitawatazama nikifika. Wewe huko uliko, mama, nikumbuke.

Moindjié wako.